Mbuzi wa Likoni, Punda wa Lamu

Likoni,
12 Machi 1989

Kwa Dada yangu Khairiya,

Naanza kwa kukuomba radhi. Tangu uliporudi Lamu baada ya hitima ya binti yangu Mwanarehema sijakuandikia hata mstari mmoja, na wewe ndiwe mkubwa wangu. Maisha yangu yote ya ualimu niliwafundisha watoto wa watu kwamba kuiacha barua bila jibu ni utovu wa adabu, na barua zako mbili zimelala juu ya meza yangu tangu Novemba. Sina udhuru wa kutosha. Kila nilipokaa kuandika, mkono ulianza wenyewe kwa mazoea: “Mwanarehema anakusalimu.” Nikishayaona maneno hayo huichana karatasi na kuondoka mezani.

Sisi hapa hatujambo. Mguu wangu wa kushoto bado unanisumbua wakati wa baridi ya asubuhi. Barakat, mkwe wangu, yuko melini. Kadi yake ya mwisho ilitoka Karachi, na ndani yake amesema kwamba shauri lolote la mtoto ameniachia mimi. Ni kijana mwema, ila hana nyumba isiyoelea.

Sasa habari za mjukuu wetu Ruwaida. Mama yake alipofariki, hospitali ilitupa maziwa ya kopo, nayo ni ya ng'ombe kama yalivyo mengi. Hukumwona mtoto baada ya hapo, na ni heri hukumwona. Ngozi ilimpasuka mashavuni na nyuma ya magoti. Kifua kikawa kinapiga mluzi. Mwishowe choo chake kikawa na damu. Nilivuka naye kivuko nikamfikisha kwa Daktari Kioko, daktari wa watoto, Mkamba mpole asiye na haraka. Alinieleza kwamba ndani ya mwili wa mtoto mna askari wa kulinda, na askari wa Ruwaida wameyadhania maziwa ya ng'ombe kuwa ni adui. Wanapigana nayo tumboni, na vita hivyo ndivyo vinavyoonekana kwenye ngozi na kusikika kifuani.

Nilimtajia maziwa ya mbuzi. Hakuyakataa, wala hakuyasifu. Alisema kwamba mbuzi na ng'ombe ni jamaa wa karibu, na watoto wengi wanaoyakataa ya mmoja huyakataa na ya mwenzake. Basi tumjaribu mbele ya macho yake, tone kwa tone. Tulimjaribu. Tulikaa pale tangu asubuhi hadi adhuhuri tukimtazama mashavu, nami nikisoma kila dua ninayoijua. Mashavu hayakubadilika.

Mbuzi mwenyewe ni wa Dhahabu, mke wa Kombe, wale wakulima walio nyuma ya ukuta wangu. Humleta uani kila asubuhi, humkamua mbele yangu, kisha mimi mwenyewe huyachemsha maziwa mpaka yapande, kama nilivyoagizwa na daktari, kwa sababu maziwa mabichi ya mbuzi huweza kumletea mtu homa ya muda mrefu. Dhahabu hucheka. “Maalim,” huniambia, “mbuzi wangu ana afya kukushinda wewe.” Huenda ni kweli. Hata hivyo huyachemsha.

Ngozi ya mtoto sasa ni laini, kifua kimenyamaza, na ameanza kucheka na pazia. Daktari alitutaka turudi baada ya mwezi ili aangalie maendeleo yake na atueleze habari za chakula, lakini mtoto ni mzima na kivuko kina msongamano, na sioni haja. Namshukuru Mola, kisha Dhahabu, kisha mbuzi wake.

Ndugu yako,
Aqil


Lamu,
2 Aprili 1989

Mdogo wangu Aqil,

Waalaikumussalaam, na marahaba, ingawa shikamoo yako sijaiona popote katika barua hiyo ndefu. Nimeisoma nikalia, nikakukasirikia, kisha nikamwita Mwanatatu wa nyumba ya pili nikamsomea yote, maana furaha ya mtoto kupona hailiwi peke yake. Na hii yangu usinirudishie na wino mwekundu kama ulivyofanya mwaka ule. Nimekwisha kuwa bibi, siwezi kufeli tena.

Ramadhani iko mlangoni. Nyumba yetu ya zamani imeanguka ukuta wa kusini, fundi anakuja kesho tangu mwezi jana. Macho yangu mazima. Magoti yangu usiyaulize.

Aqil, siku ya tatu ya msiba, watu walipokuwa wameondoka, nilikwambia nipe Ruwaida nimlee. Ulitazama chini ukasema, “Tutazungumza.” Sasa umeandika kurasa mbili na neno hilo umelipita kwa mbali. Mimi ni mjane, sina mtoto, nina nyumba na nina nguvu bado. Wewe ni mwanamume peke yake na mtoto mchanga na chungu cha maziwa.

Na jambo lingine, usikunje uso. Punda wangu jike, yule mweusi, amezaa. Maziwa ya punda ni mepesi, matamu, meupe kama maji ya mchele, na tumbo la mtoto halihangaiki nayo. Wanawake wa mtaa huu huwapa watoto wenye kifaduro, na bibi zetu waliwapa watoto waliofiwa na mama zao. Hunena kwamba hakuna mnyama ambaye maziwa yake yanakaribia ya mwanadamu kama yeye. Mbuzi ni mzuri, sikatai. Lakini mlete mtoto huku, na kama mbuzi wako akigoma siku moja, punda wangu yupo.

Nibusie utosi wake.

Dada yako,
Khairiya


Likoni,
21 Aprili 1989

Dada,

Shikamoo. Ramadhani njema. Sisi wazima.

Maziwa ya punda afugwaye ni haramu kama nyama yake ilivyo haramu. Hili tulilisoma pamoja chuoni, mkeka mmoja, mwalimu mmoja. Dharura huweza kukihalalisha kisicho halali, lakini hapana dharura palipo na mbuzi. Hata hivyo, ili usiseme kwamba nimehukumu kwa ukaidi wangu, nilikwenda Jomvu Kuu kumuuliza sheikh tunayemwamini. Jibu lake ni hilo hilo. Nakuomba jambo hili lisirudi tena katika barua zetu.

Kuhusu malezi ya Ruwaida, nimekwisha kuazimia. Kitabu kimetaja miaka miwili kamili ya kunyonya kwa mwenye kutaka kuitimiza. Mwanarehema alitaka. Alinitamkia hivyo akiwa na mtoto kifuani, naye hakuishi wiki mbili baada ya kujifungua. Muda uliobaki nimeubeba mimi. Mtoto atapata maziwa mpaka miaka miwili yake ikamilike, maziwa matupu, wala kinywani mwake hakitaingia kitu kingine kabla ya hapo. Dhahabu ananipigia kelele za uji kila asubuhi. Nimemwambia kwamba uji una umri wake.

Mimi,
Aqil


Lamu,
1 Juni 1989

Aqil,

Sikukuu imepita na sikupata hata kadi yako. Barua yako ya Ramadhani uliniandikia kama unavyomwandikia mwanafunzi aliyechelewa darasani. Sawa. Nimechelewa kweli, nimechelewa miaka mingi kukwambia jambo moja, na sasa nalisema.

Ulipokuwa hujatimiza miaka miwili kifaduro kilikushika. Ulikuwa ukikohoa mpaka unakuwa buluu midomo, ukivuta pumzi kwa sauti ya jogoo, kisha unatapika kila ulichokula. Ukakonda, ukawa macho matupu. Mama alijaribu asali, akajaribu tangawizi, akajaribu kila mzizi. Mwisho alikupa maziwa ya punda. Hiyo kata ya kifuu niliishika mimi kwa mikono yangu hii. Yalikaa tumboni pale ambapo kitu kingine hakikukaa.

Sikukuandikia haya ili nikushinde. Nimekuandikia ili usimwite haramu mtu aliyekuwa akikuogopea kufa.

Na mtoto huyo ana miezi minane, tisa sasa. Mpe uji. Uji hauna fatwa.

Khairiya


Lamu,
17 Agosti 1989

Mdogo wangu,

Hujajibu, na huu ni mwezi wa tatu. Ikiwa umenikasirikia, kasirika, ila niandikie mstari mmoja tu: mtoto yu mzima? Usiniandikie habari yako. Niandikie yake.

Khairiya


Likoni,
10 Septemba 1989

Dada yangu Khairiya,

Shikamoo. Mtoto yu mzima. Naliweka hilo mbele ya salamu na mbele ya radhi ninayokuomba kwa mara ya pili mwaka huu, kwa sababu ndilo uliloliuliza.

Sasa nitakueleza yote kwa utaratibu.

Barua yako ya Juni ilinikasirisha kuliko barua yoyote niliyowahi kuipokea. Sikukukasirikia wewe. Nilimkasirikia Mama, na sikuwa na mahali pa kuipeleka hasira hiyo, kwa kuwa yeye yuko kaburini na mimi niko hai. Nikawa kila nikitaka kukujibu nafikiri: nimjibu Dada nini? Nikanyamaza. Na katika kunyamaza huko nikazidi kushikilia maziwa matupu, kana kwamba ukali wangu juu ya uji ungelipa kile kilichoingia tumboni mwangu zamani.

Mwezi wa Julai Ruwaida aliacha kutambaa. Alikuwa akikaa pale nilipomweka. Nilidhani ni meno. Hakuwa analia sana, na mimi, kwa ujinga, nikamsifu kwa utulivu. Dhahabu ndiye aliyekamata mkono wa mtoto siku moja akakifungua kiganja na kukiweka kando ya kiganja cha mwanawe.

“Maalim, tazama.”

“Nimetazama.”

“Huoni? Huyu wako amekuwa kama karatasi.”

Kweli alikuwa mweupe viganjani, mweupe ndani ya midomo, na ulimi wake ulikuwa mwekundu na laini isivyo kawaida. Tulivuka siku ile ile, mimi, Dhahabu na Kombe mumewe, aliyeacha jembe shambani. Daktari Kioko alimtazama mtoto macho na ulimi, akamtoa damu ipimwe, kisha akaniuliza anakula nini.

“Maziwa ya mbuzi,” nikajibu, “yaliyochemshwa kama ulivyoagiza.”

“Na nini?”

“Maziwa ya mbuzi.”

“Mzee, nimekuelewa hapo. Nauliza, na nini?”

“Hakuna na nini.”

Aliweka kalamu chini. Hakunifokea, na ningependa angenifokea. Alinieleza kwamba iko chembe moja katika chakula ambayo bila yake damu haijengeki. Imo katika maziwa ya mama. Imo katika mchicha, katika kunde, katika ini. Katika maziwa ya mbuzi karibu haimo kabisa. Mtoto anayelelewa kwa maziwa ya mbuzi peke yake hunenepa, hutulia, ngozi hung'aa, na huku damu yake inapungua kimya kimya. Ndiyo sababu alitaka turudi baada ya mwezi: alikusudia kutupa matone ya chembe hiyo na kutuanzishia uji mapema.

Nilimweleza kwa nini sikumpa uji. Nilimweleza habari ya Mwanarehema na miaka yake miwili. Dhahabu, ambaye nilikuwa sijamwambia kamwe, akageuka akatazama dirishani.

Daktari akasema, “Mzee, mimi si wa dini yako, na sitakufundisha kitabu chako. Lakini hiyo miaka miwili nadhani ilikuwa ya kunyonya. Wewe umemfungisha mtoto saumu.”

Dada, nimefundisha ufahamu wa kusoma tangu ujana wangu. Maneno hayo ni mepesi kuliko swali lolote nililowahi kuwapa watoto wa darasa la tano, na sikuwa nimeyaona.

Mtoto alihitaji kuongezewa damu. Yangu haikufaa. Ya Kombe ilifaa. Alilala kwenye kitanda cha pembeni na mkono umenyooshwa, akanitazama akasema, “Usihuzunike, Maalim. Deni ni la mbuzi wangu, mimi namlipia tu.” Ndipo nikacheka, mara ya kwanza tangu mwaka jana, na mwuguzi akaniambia niende nikachekee nje.

Tulikaa hospitali siku chache tu. Matone ya ile chembe anayapata kila asubuhi. Uji wa mtama aliupokea kama mtu aliyekuwa ameahidiwa, akaukamata mkono wa Dhahabu pamoja na kijiko. Sasa anakula kunde zilizopondwa, mchicha, na ini la mbuzi lililosagwa, na maziwa yake ya mbuzi anayapata baada ya chakula. Viganja vimerudi rangi. Juzi alitambaa mpaka kwenye viatu vyangu akakiweka kimoja kinywani.

Kabla ya kutoka hospitali niliusubiri mlango ufungwe, nikamuuliza daktari habari ya punda. Nilimuuliza kwa sauti ndogo, nami nikiwa na kofia kichwani. Hakucheka. Alisema mmesema kweli ninyi mlio Lamu: kwa wepesi wake maziwa hayo yako karibu na ya mama kuliko ya mbuzi au ya ng'ombe, na zamani zilikuwako hospitali za Ulaya zilizowalea watoto wachanga kwa punda waliofungwa uani. Hata mtoto ambaye askari wake wanayapiga vita maziwa ya ng'ombe mara nyingi huyapokea. Ila mafuta yake ni machache, mtoto hashibi nayo peke yake. Na kuhusu kifaduro, alisema hana ushahidi kwamba huponya. Huenda huweka kitu tumboni mpaka ugonjwa umalize siku zake, na hilo si dogo. Kinga ya kweli ya kifaduro ni chanjo, na Ruwaida amekamilisha chanjo zake zote.

Mpaka ugonjwa umalize siku zake. Nilivuka kivuko nikiwa na mtoto begani na maneno hayo.

Hukumu ya maziwa ya punda haijabadilika kwangu, na sidhani utataka nijifanye imebadilika. Lakini nilikuwa nimesahau kuuliza jambo ambalo hukumu yenyewe huliuliza kwanza: je, mtoto alikuwa anakufa? Nalikuwa ninakufa. Basi Mama hakukosea, nami nimeishi na kupata mjukuu kwa sababu ya kata ile uliyoishika. Ahsante, Dada. Ningelisema hili mapema kama ningelikuwa na akili mapema.

Nieleze jinsi alivyoyakamua. Nataka kujua.

Mdogo wako,
Aqil


Lamu,
3 Oktoba 1989

Mdogo wangu,

Kwanza marahaba, nimeiona safari hii. Pili, mwambie Kombe kwamba jina lake limesomwa katika dua nyumbani kwangu, na Dhahabu namtumia kanga kwa mkono wa mtoto wa Mwanatatu anayekuja Mombasa baada ya maulidi. Asiipokee kwa adabu zenu za bara, aivae.

Unauliza alivyoyakamua. Punda wetu wakati ule alikuwa wa kubebea mawe ya chokaa, mkali, anapiga teke. Hatoi maziwa asipomsikia mwanawe. Basi Mama alimwacha mtoto wa punda anyonye kwanza, kisha nikamshika shingo nikamweka pale pale mama yake amnuse, na Mama akakamua upande wa pili. Yalitoka kidogo sana, hayajazi kata. Aliyachemsha, akayapoza, akakunywesha kwa kijiko. Kijiko kimoja bismillahi, kijiko kimoja astaghfirullahi. Nilikuwa mdogo, nikadhani ndiyo dawa yenyewe ilivyo, hizo zote mbili.

Sasa nikwambie ambalo sikuliandika Juni. Mama alimficha Baba, na Baba alikuwa Baba yule unayemjua, aliyerudisha samaki sokoni kwa sababu mwuzaji aliapa ovyo. Siku ya pili aliingia ghafula. Akatuona, Mama na kijiko, mimi na kata, na wewe umelala umetulia bila kukohoa. Alisimama mlangoni. Baba akasema, “Nimesahau tasbihi yangu,” na tasbihi ilikuwa mkononi mwake. Akatoka.

Kesho yake aliporudi kutoka sala ya alfajiri alikuwa na mzigo wa majani mabichi kichwani. Baba, Aqil, ambaye hakushika hata kikapu cha sokoni maisha yake. Akaenda akayamwaga mbele ya punda, akanawa mikono, akaenda zake chuoni kusomesha. Alifanya hivyo mpaka ulipopona. Wala yeye hakusema, wala sisi hatukuuliza, na mtaani alisema kwamba punda amekonda.

Kama ni maziwa au ni Mola na siku zenyewe, sijui. Daktari wako na ajue. Mimi najua majani.

Neno langu la siku ya tatu sasa naliweka chini. Simtaki tena kwa ajili ya maziwa, ana meno na anakula viatu. Namtaka kwa sababu ukuta wa kusini umejengwa upya na nyumba imenyamaza. Lakini baada ya kusoma uliyoandika kuhusu Mwanarehema na miaka yake miwili, siwezi kukunyang'anya. Sikujua kwamba alikuambia hivyo. Ungeniambia pale pale siku ya tatu nisingekuomba.

Dada yako,
Khairiya


Likoni,
26 Novemba 1989

Dada yangu Khairiya,

Shikamoo. Tunaendelea vizuri. Mguu unanisumbua kidogo kuliko mwaka jana, pengine kwa sababu sasa kuna mtu wa kumkimbiza. Barakat alipita bandarini, akakaa siku mbili, akamletea mwanawe mwanasesere aliye mkubwa kuliko yeye mwenyewe. Mwalimu mwenzangu wa Mishomoroni alikuja kunitazama, akamkuta Ruwaida amekaa juu ya kitabu changu cha sarufi na bakuli la kunde, akaniuliza kama ndivyo siku hizi sarufi inavyofundishwa. Nikamjibu kwamba ndivyo.

Kanga ilifika. Dhahabu aliivaa kuja kukamua, mbuzi akamkimbia asimjue.

Mbuzi ana mimba na maziwa yake yanakatika. Nilipoona kipimo kinapungua nilipata hofu ya zamani, nikampeleka mtoto kwa daktari kabla hajaniagiza, jambo lililomshangaza. Alimpima damu. Imetimia. Alisema anayeweza kula kama huyu hahitaji kulilia maziwa ya mnyama yeyote, ila matone aendelee nayo kidogo. Kisha akasema tunaweza kumjaribu na maziwa ya ng'ombe baadaye, mbele yake, kwa maana askari wa watoto wengine hukua wakapata busara. Nilimwambia kwamba nimewahi kuona hata mzee akikua.

Basi kunyonya kwa Ruwaida kumekwisha kabla ya miaka miwili. Kitabu kile kile, mistari ile ile, kimetoa ruhusa ya kumwachisha mapema kwa mashauriano ya wenyewe. Nilikuwa nikiisoma sehemu ya kwanza tu. Mashauriano yalikosekana, kwa kuwa sikushauriana na mtu. Nimekwenda kaburini kwa Mwanarehema, nikamweleza kwamba mtoto amelala shibe, na kwamba walioitimiza kazi yake ni wengi: mbuzi, mke wa jirani, damu ya mumewe, Mkamba mmoja, na shangazi wa Lamu aliyepiga kelele za uji kutoka mbali.

Mwanzoni mwa mwezi huu, baada ya sala ya alfajiri, sikurudi moja kwa moja nyumbani. Nilichukua mundu nikashuka njia ya kuelekea Shelly Beach, ambako majani ni marefu baada ya mvua, nikakata mzigo. Sikujua kwamba majani mabichi yana uzito hivyo. Niliyabeba kichwani nikapita nayo mbele ya duka, mbele ya vijana niliowafundisha darasani, wakaniamkia na wasiseme zaidi. Dhahabu alikuwa uani. Alinitazama, akamtazama mbuzi wake, nami nikayamwaga majani mbele ya huyo mbuzi. Nikanawa mikono nikaingia ndani. Tangu hapo naenda kila siku, na nikiulizwa husema kwamba mbuzi amekonda.

Sasa neno lako la siku ya tatu. Umeliweka chini kwa heshima, nami nimeliokota. Nilikunyima jibu kwa sababu nilidhani mambo ni mawili tu, mtoto kubaki kwangu au kuja kwako, na kila moja ni kumnyang'anya mtu. Siku hizi nafikiri tofauti. Wewe una nyumba iliyonyamaza na ukuta wa kusini uliojengwa upya. Mimi nina nyumba yenye kelele, majirani nisioweza kuwaacha bila kuumia, na daktari ng'ambo ya kivuko. Mtoto hana haja ya kugawanywa. Sisi wazee wawili ndio tunaopaswa kuhama, mmoja wetu. Sijui bado ni yupi. Ningependa uje wewe, kwa ajili ya Dhahabu na Kombe, ambao Ruwaida huwaita kwa majina kabla ya kuniita mimi. Lakini nikikumbuka kwamba Mama na Baba wamezikwa huko, na ua ule ambao punda alifungwa, nahisi ni mimi nipaswaye kumleta akuone mahali hapo. Kombe anasema tuhame sote na mbuzi.

Nilipoanza kuiandika barua hii mkono ulikwenda wenyewe, kama zamani, ukaandika: “Ruwaida anakusalimu.” Niliyatazama maneno hayo muda mrefu. Karatasi sikuichana, ndiyo hii uliyoishika, na maneno hayo yapo pale juu pembeni.

Nipe muda mpaka mbuzi azae. Nitalitafakari, nitashauriana na Barakat, na safari hii nitashauriana na Dhahabu pia. Nikishaamua nitakuandikia siku ile ile, kabla wino wa fikra haujakauka, na hutangoja tena.

Mdogo wako mwenye shukrani,
Aqil